Nani huchagua njia za usimbaji fiche katika viwango vya intaneti?

Mkazi wa Sinza: Wakuu, habari za kazi. Ofisini kwetu hapa Posta tunaandika programu ya malipo kwa wauzaji wa Kariakoo, na mwenzetu anataka tubuni njia yetu wenyewe ya kusimba taarifa. Je, waandishi wa viwango huamuaje njia ya kuaminiwa?

Fundi Mitandao: Ndugu, IETF, inayoandika viwango hivyo, haibebi mzigo huo peke yake. Chini ya IRTF, shirika dada linaloshughulikia utafiti, kuna kundi la utafiti liitwalo CFRG, ambamo wataalamu wa vyuo na wa kampuni huchambua mapendekezo hadharani, mara nyingi kwa miaka, na yeyote anaweza kujiunga na kupinga kwa hoja. Halitoi amri, hutoa ushauri. RFC 7748 ya 2016 (RFC ni waraka wenye namba katika mfululizo wa nyaraka za intaneti) ilieleza X25519 na X448, njia za pande mbili kukubaliana ufunguo wa siri, hadi kuweka namba za kupimia programu yako. Mwaka 2018 TLS 1.3, toleo la itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti, ikazipokea zote mbili.

Mkaguzi: Mwenzenu aitazame RC4, njia ya zamani ya kusimba. Ilianza kama siri ya kampuni, ikaenea kwenye tovuti nyingi, na udhaifu wake ulipothibitika, RFC 7465 ya 2015 ikaipiga marufuku katika TLS. Tafadhali msibuni yenu.

Mkazi wa Sinza: Nashukuru sana. Na taarifa zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye diski?

Fundi Mitandao: Njia ya kusimba ya ChaCha20-Poly1305, iliyoelezwa katika RFC 8439, inafaa, ilimradi mtumie maktaba ya programu inayotunzwa vizuri na namba ya mara moja (nonce), inayotumika kila mnaposimba, isirudiwe kamwe kwa ufunguo uleule.