MJADALA: Kato la 15% la deni la bodi lipangwe kwa ngazi kama kodi au libaki lilivyo?

Wadau habari zenu. Juzi tulikuwa tunabishana na washkaji kuhusu makato ya bodi ya mikopo, kila mtu anaongea kwa hasira na hesabu hakuna aliyepiga, nikaona bora tulilete hapa. Msimamo wangu nauweka mapema: deni lilipwe, sina ugomvi na hilo kabisa, hela ile ilinisomesha mimi na leo inasomesha wengine. Ila hii asilimia 15 moja kwa wote, anayelipwa laki nne na anayelipwa milioni nne, kwangu mimi sio haki na anayeona ni haki aje na hoja.

Kwa wale madogo ambao hawajui tulikotoka, HESLB (ndiyo hiyo bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kato likawa asilimia 8 ya mshahara, halafu sheria ikabadilishwa 2016 likapanda hadi 15 na likawakumba mpaka waliosaini mikataba ya 8. Juu yake kulikuwa na ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliyokuwa inaongezwa kwenye deni kila mwaka, mtu anakatwa miaka na miaka akiangalia salio ni kama halisogei. Ile Rais Samia aliifuta, alitangaza Mei Mosi 2021 kule Mwanza, na ukweli usemwe watu walipumua. 2022 boom (hela ya kujikimu ya mwanafunzi) ikapanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, mwaka uliofuata baadhi ya wanafunzi wa diploma nao wakaanza kukopeshwa. Yote mazuri. Ila 15 ikabaki palepale.

Sasa tupige hesabu. Chukua mwalimu wa shule binafsi, kamaliza digrii, mshahara wa msingi laki 6. NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 10, hiyo elfu 60. Inabaki 540,000 ndio inakatwa kodi, ile 270,000 ya kwanza haiguswi, 250,000 inayofuata inakatwa asilimia 8 ambayo ni elfu 20, elfu 20 iliyobaki inakatwa asilimia 20 ambayo ni elfu 4, kwahiyo kodi yote ni 24,000. Bodi sasa: 90,000. Angalieni hapo vizuri jamani, kodi ya serikali na akiba yake ya uzeeni ukizijumlisha ni 84,000, bodi peke yake imezipita zote mbili! Anabaki na 426,000, hapo hajalipa kodi ya chumba, nauli, wala hajamtumia mama kitu, na wengi wetu tunajua ukishapata kazi tu nyumbani ada ya mdogo wako ni ya kwako.

Kinachonishangaza ni kwamba kwenye kodi tayari tunakubali kwamba mwenye kidogo akatwe kidogo. Ndio maana 270,000 ya kwanza haikatwi, ndio maana kuna 8, 20, 25 mpaka 30 ukivuka milioni. Serikali hiyohiyo, mshahara uleule, mhasibu yuleyule anayejaza, ila ikifika kwenye deni la bodi ile busara haipo tena. Mtu wa milioni 4 akikatwa 15 inaondoka laki 6, ni nyingi sikatai, ila kinachobaki anaishi. Huyu wa laki 6 akikatwa elfu 90 anakopa, na anakopa wapi, kwenye mikopo ya simu yenye riba ambayo kila mtu anaijua. Yaani tunamtoa kwenye deni lisilo na riba tunamsukuma kwenye deni lenye riba.

Pendekezo langu: chini ya laki 3 asikatwe kabisa mpaka mshahara upande, hapo mpaka milioni iwe 8 kama zamani, kuvuka milioni ndio 15. Namba zinaweza kubadilika, sijang'ang'ania, nachotaka ni ngazi.

NYONGEZA baada ya kusoma michango:

Kuna mdau kasema ukipunguza kato mfuko unakauka na watakaoumia ni madogo wanaosubiri boom. Hii ndio hoja nzito kuliko zote na siibezi. Ni kweli marejesho ndio yanarudi kukopesha wengine, na ni kweli tukirefusha muda hela inapoteza thamani. Mwenye deni la milioni 9 kwa elfu 90 anamaliza kwa miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4, kwa asilimia 8 atalipa 48,000 na itamchukua zaidi ya miaka 15 kama mshahara hautapanda. Ni muda mrefu. Ila kwa ngazi mshahara ukipanda na kato linapanda, hatakaa kwenye 8 maisha yote. Na hilo pengo nauliza, kwanini lizibwe na huyuhuyu mwenye slipu ya mshahara? Wapo wanufaika wenye biashara zao, wana maduka, wana kampuni, sheria inawataka walipe kama sisi, ila sisi tunakatwa kabla hela haijatufikia na wao wanasubiriwa waje wenyewe. Nguvu ielekezwe huko kwanza kabla ya kuniambia mwalimu wa laki 6 ndio anakausha mfuko.

Mwingine kasema tulisaini wenyewe tusilalamike. Ndugu yangu, nimeshaeleza hapo juu, kuna watu walisaini 8 wakajikuta kwenye 15. Kama mkataba ungekuwa msahafu usingebadilishwa 2016. Ulibadilishwa kwa kupandisha, unaweza kubadilishwa kwa kupanga ngazi, bunge ni lilelile.

Dada aliyeuliza kuhusu walioajiriwa serikalini, hesabu yao inatofautiana kidogo kwasababu PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na kuna bima ya afya asilimia 3, ila kato la bodi ni lilelile. Mwenye slipu ya milioni 1.5 au 2 aweke mchanganuo wake hapa, jina afute, tulinganishe na huyu wa laki 6.