Kilo 84, kazi ya kukaa, na nyumbani tunakula sinia moja: nianzie wapi?

BintFuoni
Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa vitendo. Mwanamke, miaka 34, urefu sentimita 160, uzito kilo 84, kiuno sentimita 98. Si mjamzito wala sinyonyeshi. Ofisi iko Vuga, mjini Unguja, kazi yenyewe ni kukaa. Naondoka Fuoni saa 12:30 asubuhi kwa daladala, nafika nyumbani saa 10:30 jioni.

Ratiba ya sasa: asubuhi ofisini chai ya maziwa na maandazi mawili. Saa nne chai nyengine na sambusa mbili. Mchana sili kitu. Nikifika nyumbani wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Baada ya Magharibi chai na boflo, au urojo. Saa tatu usiku kiporo cha wali. Tuko watu sita kwenye sinia moja na mpishi ni mama mkwe, kwa hivyo siwezi kusema nazi isitiwe.

Niliacha chajio, nikawa nakunywa maji ya moto na ndimu. Zikatoka kilo 3 kwa siku kumi, na wiki mbili baadaye zimerudi zote. Kosa liko wapi?

Upawa
Waalaykumu salaam. Chajio hakina kosa, dada.

Kwanza hizo kilo 3. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji kama gramu 3. Ukikata chakula ghafla akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo, mzani unashuka. Ukila tena, akiba inajazwa na maji yanarudi. Mafuta ya mwilini hayakuguswa sana. Na ndimu haiyeyushi mafuta popote isipokuwa kwenye sufuria lenye shombo.

Sasa hesabu. Kwa umri, urefu na uzito wako, mwili unatumia takriban kalori 2,000 kwa siku. Ukila 1,500 utapungua kama nusu kilo kwa wiki. Usishuke chini ya 1,200, maana hapo unaanza kula misuli yako mwenyewe na njaa ya usiku inakurudisha kwenye kiporo.

Tazama asubuhi yako. Andazi la gramu 60 halipungui kalori 200, nawe unakula mawili. Sambusa mbili, 200 nyengine. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4, kalori 16, ila wengi tunachota kijiko cha mlima, gramu 6 au 7. Weka vijiko vitatu kila kikombe, ongeza maziwa. Kabla ya adhuhuri umeshaingiza 900 hivi, karibu zote unga, mafuta na sukari. Protini hakuna ya kutaja, ndiyo maana ukifika nyumbani unashambulia sinia.

Tuje kwenye sinia lenyewe. Kilo moja ya mchele mkavu ina kalori kama 3,600. Nazi moja kubwa ina nyama gramu 400 hivi, kalori 1,400. Chukulia nusu tu ndiyo inatoka na tui, nyengine inabaki kwenye machicha. Nazi mbili basi zinatia 1,400 sufuriani. Jumla 5,000. Gawa kwa watu sita: zaidi ya 800 kila mmoja, na bado mchuzi haujamiminwa. Huo mchuzi nao una nazi yake.

Ratiba ninayopendekeza:

Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha gramu 150 (kipande cha ukubwa wa kiganja), chai isiyo na sukari. Saa saba kikombe kimoja cha kunde au choroko zilizopikwa bila nazi, kachumbari nyingi, chungwa. Kikombe hicho kina kalori 200 hivi na protini gramu 13 au 14. Saa 10:30 wali kikombe kimoja na nusu, samaki gramu 150, mboga ya majani. Usiku papai na kikombe cha maziwa. Jumla inakaribia 1,400, kwa hivyo una nafasi ya 100 kwa makosa ya mkono.

Kikombe ninachosema ni cha mililita 250. Wali usioshindiliwa ndani yake ni kama kalori 220. Chukua upawa wa nyumbani, ujaze maji, uone unajaza kikombe mara ngapi. Fanya mara moja tu. Baada ya hapo upawa ndio mzani wako.

Konde_Kwetu
Mimi ningesema aache wali kabisa. Ale muhogo, ndizi mbichi na shelisheli kama wazee wetu Pemba.

Upawa
Yakhe, wazee walikuwa wanalima. Muhogo wa kuchemsha gramu 100 ni kalori 160, wali gramu 100 ni 130. Akihama kwenye wali kwenda kwenye muhogo kwa sahani ileile, ataongezeka. Shelisheli kama 100, kiazi kitamu 86 hivi. Kinachoshuka kweli ni boga, 20 na kitu, likichemshwa bila nazi wala sukari. Kubadilisha jina la wanga hakusaidii kama kipimo ni kilekile. Ukiukaanga muhogo, hapo tena usiulize.

Kasimile
Suala la mama mkwe ndilo gumu hapa, na halitatuliwi kwa kalori. Usimpangie chungu chake. Omba vitu viwili tu.

La kwanza: nazi iingie chungu kimoja. Siku ya wali wa nazi, mchuzi uwe wa nyanya na ndimu. Siku ya mchuzi wa nazi, wali uwe mweupe. Hakuna mpishi wa hapa atakayeona hilo ni kituko, na wote sita wananufaika bila kuambiwa.

La pili: siku mchuzi wa nazi unapopikwa, tui zito hutiwa mwisho, samaki ameshaiva kwa nyanya, thomu, bizari na ndimu. Mwambie, "Mama, nitolee vipande vyangu kabla ya tui." Chota viwili na rojo yake. Tui la kwanza ndilo lenye mafuta. La tatu linakaribia kuwa maji yenye harufu ya nazi, kwa hiyo akipikia mboga kwa hilo usigombe.

Kujitenga na sinia kunaleta maneno, najua. Pima sehemu yako kwa upawa, imimine mbele yako siniani hapo hapo na wenzako. Kando weka bakuli lako la kachumbari na mchicha, au mtoriro. Wali wako ukiisha, mkono uhamie bakulini. Anza na mboga na samaki, wali ufuate. Tumbo likiwa na kitu kizito tayari, tonge zinapungua zenyewe.

Mafuta ya kupikia nayo yapimwe. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Watu sita kwa mililita 15 kila mmoja kwa siku ni kama mililita 630 kwa wiki. Tenga kiasi hicho kwenye chupa Jumamosi. Chupa ikiisha Jumatano, mnajua kuna mtu anakaanga kwa kumimina.

BintFuoni
Ahsanteni sana. Chakula cha mchana ndicho kinachonitatiza. Nikipika asubuhi nachelewa gari, nikibeba cha jana kinachacha kabla ya saa saba. Ofisini hakuna friji, kuna birika la umeme tu.

DagaaMkavu
Kinachacha kwa sababu mbili: kilipoa polepole usiku, na kina nazi. Mchuzi wa nazi ni wa mwanzo kuharibika kwenye joto letu, usiubebe kabisa.

Fanya hivi siku moja ya wiki. Kunde au maharage kilo moja, loweka masaa 8, mwaga maji yale. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo kisha ndio upunguze moto. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi, na yakiwa nusu mbichi yanatapisha. Yakiiva, kaangiza kwa vitunguu vitatu, nyanya, thomu na vijiko viwili vikubwa vya mafuta kwa sufuria zima. Sambaza kwenye sinia yapoe haraka, yaingie kwenye vibakuli vya mfuniko kikombe kimoja kimoja, kisha friza. Yasikae nje zaidi ya masaa mawili, na msimu wa kaskazi joto likipita nyuzi 32 hesabu saa moja.

Asubuhi toa kibakuli kimoja kikiwa jiwe, kiweke ndani ya mfuko mzito pamoja na chupa ya maji iliyoganda. Kikiyeyuka taratibu humo kinakuwa bado baridi saa saba. Chupa ikiwa imeshapata moto, usile. Ofisini kiweke kibakuli, mfuniko umebana, ndani ya bakuli kubwa la maji yanayochemka kutoka kwenye birika. Maji yakipoa badilisha, mpaka chakula kitoe mvuke.

Ukipenda cha moto tangu nyumbani, tumia hotipoti, ila uijaze maji yanayochemka dakika 5 kwanza, uyamwage, ndipo utie chakula kinachotoa mvuke. Hotipoti baridi inaiba joto lote.

Mayai chemsha usiku, dakika 10 tangu maji yaanze kuchemka, yabaki na maganda kwenye friji. Yakae huko hadi siku saba. Ukishatoka nayo, yaliwe hiyo asubuhi.

Umeme ukikatika, usifungue friza kutazama. Lililojaa hushika baridi kama masaa 48, la nusu masaa 24. Friji ya kawaida ni masaa 4 tu.

Na dagaa ni protini ya bei ndogo kuliko nyama, ila dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke maji ya uvuguvugu dakika 15, mwaga, suuza mara mbili, usitie chumvi nyengine kwenye sufuria.

NesiWaZamu
Kabla ya yote pima sukari ya asubuhi kabla ya kula na presha. Sukari ya 7.0 mmol/L kwenda juu, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari; presha ya 140/90 inayojirudia haitaki kusubiri upungue. Kiuno cha sentimita 98 kwa mwanamke kinatosha kuwa sababu, maana hatari huanza kupanda tangu 80. Kama unatumia sindano ya uzazi ya miezi mitatu, zungumza na mkunga, kwa wengine inaongeza uzito. Ukiwa na uchovu usioisha, kuhisi baridi na choo kigumu, taja hayo pia ili wapime tezi ya shingoni.

Wasije wakakuuzia chai ya kupunguza tumbo. Nyingi ni sanamaki. Hiyo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hivyo unaendesha maji na madini huku kalori zimebaki. Ukiitumia kila siku, choo kinaweza kukataa bila hiyo.

Mzani: siku moja kwa wiki, asubuhi, umeshatoka chooni, hujanywa chai. Siku za hedhi, au baada ya chakula cha chumvi, kilo moja au mbili ni maji, usiziandike. Kiuno pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, umeshatoa pumzi. Kutoka 84 kwenda 80 kwa miezi mitatu ni kazi nzuri.

Mazoezi: dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki. Shuka daladala kituo kimoja au viwili kabla, kwenda na kurudi, dakika 30 zinapatikana bila kutafuta kiwanja. Mara mbili kwa wiki simama na ukae kwenye kiti bila kushika, mara 10, raundi tatu, misuli isije ikaondoka pamoja na mafuta.

Konde_Kwetu
Na funga za Jumatatu na Alkhamisi je? Hizo si ndiyo diet yenyewe?

Upawa
Kama anafunga kwa ibada, vizuri, lakini uzito unaamuliwa na futari. Tende tatu na maji, aswali, kisha sahani ileile ya saa 10:30. Futari ya tambi za sukari, kaimati na mihogo ya nazi inarudisha yote aliyoyaacha mchana na ziada. Mwenye vidonge vya kisukari asifunge bila kuonana na daktari, sukari inaweza kushuka ghafla.

Urojo, kwa kuwa umeutaja: bakuli dogo, viazi, yai na mishkaki mmoja, bila bajia, kachori wala chipsi za muhogo. Mara moja kwa wiki, na jioni hiyo boflo hakuna.

BintFuoni
Nimeelewa. Limebaki moja: chai. Chai ya ofisini inakuja kwenye chupa imeshatiwa sukari.

Kasimile
Birika si lipo? Beba majani yako, iliki mbili zilizopondwa na kijiti cha mdalasini ndani ya kikopo. Maziwa weka kidogo, au usiweke. Anza na vijiko viwili vilivyosawazishwa badala ya vitatu vya mlima, punguza nusu kijiko kila baada ya siku nne. Katikati ya wiki ya tatu utakuwa huna sukari kikombeni. Hiyo chupa waachie wenzako.