Bwawa la hoteli au bahari? Nataka kurudi kuogelea nipunguze mwili

Tunu_wa_Mjini
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimenenepa mno, nataka kurudi kuogelea. Utotoni kwetu Mtoni, hapa Unguja, nikipiga mbizi hapa naibukia kule, ukubwani nikaacha kabisa. Kuna hoteli inataka nilipe kwa mwezi nitumie bwawa lao, na bahari nayo ipo bure. Lipi bora? Kesho wanataka jibu.

Mpemba_Asili
Swali nusu hilo. Unakaa wapi? Kilo ngapi? Una presha, una magoti? Bwawa lenyewe kiasi gani kwa mwezi?

Nahodha_Mstaafu
Kaka, bahari. Vaa kaptura yako uingie. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa kwenye saa kumi jioni, ukitoka kazini unayakuta. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Yakiwa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, jioni yamekupwa, basi nenda asubuhi. Bwawa ni la watalii.

Binti_Kikwajuni
Kabla hujalipa hoteli nisikilize mie. Nililipa mwezi mzima mahali, sipataji. Mwanzo raha. Msimu wa wageni ulipoingia, kila nikifika naambiwa "dada subiri kidogo, wageni kwanza." Nakaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wangu mapajani mpaka magharibi inaadhiniwa. Siku moja nikawahi, nikaingia na vazi langu la stara, la kitambaa kilekile cha nguo za kuogelea, mikono mirefu na kofia yake. Kijana wa bwawani akanisimamia kichwani: nguo hiyo hairuhusiwi, inachafua maji. Nikamvutia upindo aone kitambaa, hataki, kamwita mkubwa wake. Mkubwa kaja, kaniangalia juu mpaka chini, eti nivae "ya kawaida". Ya kawaida nimvalie nani? Na pembeni mgeni kajipaka mafuta ya jua, kajitosa bila kuoga, maji yote yanang'aa mafuta, hakuna aliyemsemesha. Kudai pesa zangu, naambiwa hesabu za mwezi zimeshafungwa. Kwa hiyo uliza: nguo, msimu, na pesa zinarudi au hazirudi. Wakuandikie.

Tunu_wa_Mjini
Jamani mie si kaka 😂 Mama wa watoto watatu, nakaa Mombasa kwa Mchina, hapahapa Unguja. Kilo 94. Presha sina, magoti yananiuma nikipanda ngazi. Hilo la nguo sikuwauliza.

Nahodha_Mstaafu
Niwie radhi bibie. Basi usiende peke yako, na usiende Paje wala Jambiani maji yakiwa yamekupwa, utatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani hujalowa magoti. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali, ila nauli itakukondesha wewe kabla ya kuogelea.

Nesi_wa_Zamu
Kwa magoti umechagua vizuri, maji yanakubebea uzito. Anza dakika chache, pumzika, ongeza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, zigawe utakavyo. Kavu au majini, mwili haujali.

Kula_Kwanza
Mnamdanganya. Mtu wa kilo 70 akiogelea wastani saa nzima anachoma kalori kama 400 tu. Akitoka na njaa ile ya baharini akapitia urojo wenye kachori, bajia, mishkaki na chipsi za muhogo juu, si amerudisha zote na faida?

Mpemba_Asili
Urojo umekukosea nini? Embe, ndimu na unga kidogo. Sema chapati tatu za asubuhi.

Kula_Kwanza
Unga kidogo! Wewe umewahi kuukoroga?

Mpemba_Asili
Wete tunakoroga kila siku, na wembamba tupo.

Mwalimu_wa_Skuli
Rudini kwenye mada. Nungwi mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea, wamevaa stara, wanaelea kwa madumu matupu ya njano. Tafuta mwanamke anayejua, hata wiki ya mwanzo tu, maana pumzi za utotoni hazikusubiri. Na mie uzito naona ni nyongeza. Tangu meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 njiani kwenda Pemba, watoto wangu wote nimewatia majini, wake kwa waume.

Mpemba_Asili
Hilo sina ubishi. Wangapi tunapanda boti na hatujui kuelea.

Binti_Kikwajuni
Shoga, ukienda baharini vaa na viatu vya mpira. Wale wadude weusi wa miba mirefu hawachagui. Ukichomwa watakuletea maziwa ya papai bichi, dawa ya kila bibi.

Nesi_wa_Zamu
Papai sawa, lakini mwiba ukiingia ndani sana au ukifura, njoo hospitali.

Tunu_wa_Mjini
Ahsanteni. Hoteli nimewaambia wanipe mpaka Jumatatu, na la nguo "wataliangalia". Hilo vazi Darajani linapatikana? Mwili wangu ni mkubwa.

Binti_Kikwajuni
Yapo, ila lishike kwanza kitambaa. Likiwa la pamba litakunywa maji kama kanga, utaogelea umebeba ndoo.

Tunu_wa_Mjini
Kuna mwanamke wa karibu na Mazizini au Mbweni tuongozane? Naona Jumatatu jioni.

Nahodha_Mstaafu
Jumatatu umeangalia maji yanajaa saa ngapi?