Rekodi za laivu zetu za taarabu ni ndefu mno, watu wafikeje kwenye wimbo wanaoutaka?

MpigaFidla_Tanga:
Wakuu habari za saa hizi. Tuna kikundi cha taarabu hapa Tanga, ile ya fidla na kanuni na udi, na huwa tunapiga laivu YouTube kwa sababu mashabiki wetu wengi wako mbali, Maskati, Dubai, Mombasa, wengine Uingereza huko. Laivu yenyewe inakwenda vizuri, watu wanatuma salamu, wanatunza kwa simu, ukumbi umechangamka hasa. Shida ni kesho yake. Rekodi inabaki saa tatu na ushee, mwanzo kuna picha ya "tunaanza punde", halafu tunalinganisha ala, halafu bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, halafu salamu, ndio unakuja wimbo wa kwanza, sasa mtu aliyekuwa kazini usiku anataka wimbo mmoja tu, anaburuta ule mstari mbele nyuma mpaka bando linaisha hajaufikia. Inbox imejaa "ule wa yule mama mwenye mtandio wa kijani uko dakika ya ngapi?" na inabidi nijibu mmoja mmoja.

Na nyimbo zetu mnazijua, dakika 12 mpaka 15, ala zinapiga kitambo kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kwa hiyo hata ukiruka kwa kubahatisha unaangukia kwenye fidla hujui ni wimbo gani. Mwenzetu mmoja anataka tukatekate kila wimbo tuuweke peke yake, tuifute ile ndefu. Mimi roho inaniuma, naona tutakuwa tumeua ukumbi mzima, zile shangwe, zile salamu, watu wanavyoinuka kutunza. Nyie mnafanyaje?

BintiChumbageni:
Usifute kitu kaka. Weka chapta tu. Kwenye yale maelezo chini ya video unaandika muda na jina la kilichopo hapo, mstari kwa mstari, YouTube yenyewe inaugawa ule mstari wa kuburuta vipande vipande na jina linatokea mtu akigusa. Ila kuna masharti, na wengi wanakwama hapa: muda wa kwanza lazima uwe 0:00 hata kama hapo hakuna cha maana, ziwe angalau tatu, zifuatane toka mdogo kwenda mkubwa, na kila kipande kisipungue sekunde 10. Ukianzia 3:15 hazitokei kabisa. Ikipita saa moja unaandika hivi 1:04:30.

Mfano wenu ungekuwa hivi

0:00 Kusubiri na kulinganisha ala
14:20 Bashrafu
21:05 Salamu za Maskati na Dubai
27:40 halafu jina la wimbo, mwimbaji, na mtunzi wa shairi

Tafadhali sana usiandike "wimbo wa 1, wimbo wa 2", hiyo haimsaidii mtu. Mashabiki wa taarabu wanatafuta kwa jina la mwimbaji au kwa ule mstari wa kiitikio ulioshika, wengi hata jina rasmi la wimbo hawalijui, basi kiitikio nacho kiandike. Kuna chapta za otomatiki pia ila kwa muziki sijaona zikifaa, na ukishaandika zako ndio zinazotumika.

FundiSauti_Mvita:
Hapo dada amesema kweli, mimi naongeza upande wa kuzipata hizo dakika, maana kukaa kesho yake kusikiliza saa tatu upya na kalamu ndio kunawashinda watu, wanafanya mara moja wanaacha. Alama zichukuliwe shoo ikiwa inaendelea. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja asiyepiga ala wala kuimba, akae na daftari na saa. Aandike laivu imeingia hewani saa ngapi kamili, halafu kila wimbo ukianza aandike saa. Mfano mmeingia saa 2:47 usiku, mwimbaji wa kwanza kapanda saa 3:26, toa hapo, dakika 39, basi chapta ni 39:00. Saa za Kiswahili au za Kizungu ni sawa ilimradi asichanganye katikati.

Zitapishana sekunde kadhaa na rekodi, hilo dogo. Fungua rekodi uangalie bashrafu imeanzia wapi hasa, ile tofauti uiongeze au uipunguze kwenye zote. Kubwa ni neti ikikatika, kwa sababu mara nyingi kile kipande cha kukatika hakiingii kwenye rekodi na alama zote za baada yake zinasogea, kwa hiyo mkirudi hewani aandike tena na muhakiki upya kuanzia hapo.

Kama mnarusha kwa OBS, ile programu ya kompyuta ya kurekodi na kurusha laivu, toka toleo la 30.2 la mwaka 2024 kuna aina ya faili inaitwa Hybrid MP4, unachagua kitufe kimoja kwenye kibodi na kila ukikibonyeza inaweka alama ya chapta ndani ya rekodi iliyo kwenye kompyuta yako. Raha yake alama imekaa pale pale kwenye sauti, hakuna cha kutoa wala kujumlisha. YouTube bado utaandika mwenyewe ila unanakili tu zile dakika. Na rekodini kwenye kompyuta kila mara hata kama mnarusha, neti ikifa faili lenu liko zima.

Mswahili_Maskati:
Mimi nasema kama msikilizaji, tena naamini nyie ni miongoni mwa hao ninaowasubiri mwisho wa wiki huku. Naomba mambo mawili. La kwanza salamu zipeni chapta zake, msizione za kupita. Mama yangu yuko Pangani, jina lake likisomwa ntarudia hapo mara nyingi kuliko wimbo, na ndugu zangu wote nawatumia linki inayoanzia pale pale, unashika share unachagua ianzie muda huo, basi mtu akikliki anafika. La pili, wekeni alama ala zinapoanza na nyingine sauti inapoingia, maana kuna siku nataka kanuni ile mwanzo mpaka mwisho na kuna siku niko kwenye foleni ya magari nataka shairi tu.

BintiChumbageni:
@Mswahili_Maskati la salamu nakubali asilimia mia. La alama mbili kila wimbo naogopa, nyimbo 10 unapata alama 20 na kwenye simu ule mstari unakuwa vipande vidogo hata kidole hakishiki. Hizo za sauti kuingia ziandikwe kwenye komenti na ibandikwe juu, muda ulioandikwa kwenye komenti nao unakliki unaruka, ila haugawi mstari. Kila mtu anapata chake.

Mhariri_wa_Usiku:
Jamani tahadhari kabla hujaenda mbali. Usikate ile robo saa ya mwanzo kwa kile kihariri cha YouTube. Ukishakata, yale maongezi ya laivu ya pembeni hayachezi tena pamoja na video, na kwenu nyie yale ndio nusu ya ukumbi, mtu anaona shemeji yake alivyoandika "tena tenaaa" pale pale mwimbaji alipopandisha. Iache, chapta itawavusha. Kama ni lazima kukata basi kata kwanza ndio uandike dakika, ukikata baadaye zote zinakuwa za uongo.

Kama mnarusha na Facebook, toka Februari 2025 laivu zao zinakaa siku 30 tu halafu zinafutwa, kwa hiyo daunlodi mapema. YouTube inahifadhi yenyewe ilimradi laivu haijapita saa 12.

Na huyo mwenzenu wa kukatakata hajakosea moja kwa moja, kuna watu wa bando dogo, wimbo mmoja WhatsApp unamtosha. Fanyeni vyote viwili. Chukua faili la kwenye kompyuta, tumia LosslessCut, ni ya bure, inakata bila kusindika video upya kwa hiyo haichukui muda na ubora haushuki. Ila mwanzo unaangukia kwenye fremu kamili iliyo karibu, yaani keyframe, ile picha nzima ambayo video inaweza kuanzia, sasa kwenye OBS weka hizo fremu kila sekunde 2, ndicho YouTube nao wanachopendekeza, hapo hutapoteza noti ya kwanza. Na kila kipande unachotuma weka chini yake linki ya shoo nzima kwa dakika hiyo hiyo.

MpigaFidla_Tanga:
Wakuu mmenisaidia mno. Daftari atashika yule kijana wetu anayepanga viti, ana mwandiko mzuri na nyimbo zote anazijua. Swali la mwisho, shoo za nyuma ambazo hakuna aliyeandika kitu, ndio nizisikilize zote?

FundiSauti_Mvita:
Sio wewe peke yako. Andika komenti kwenye kila shoo, "anayekumbuka wimbo fulani uko wapi aandike dakika", ibandike juu. Hao wa Maskati washaziburuta sana, dakika wanazo tayari. Wewe kazi yako kuhakiki na kuhamishia kwenye maelezo, na anza na 0:00.

Mswahili_Maskati:
Nipe linki ya ile ya Idi, naanza usiku huu.