Mjadala: Kaunti itoe pesa za wiki 5 za W15 Malindi?

Mkaazi wa Barani
Waungwana, salamu. Kuna wazo linazunguka barazani: kaunti itoe pesa, Malindi iandae wiki 5 mfululizo za tenisi ya wanawake ya W15, Mei mpaka Juni, hoteli zinapokuwa mahame. W15 ndiyo ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa chini ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia. Zawadi yote ni dola 15,000 kwa wiki, ya mmoja mmoja na ya wawili wawili pamoja. Wenye wazo wanatoa mfano wa Monastir kule Tunisia na Antalya ya Uturuki, ambako mashindano haya huchezwa wiki baada ya wiki kwenye hoteli za ufukweni. Mimi nasema atakayeuza vyumba ndiye atoe. Mwasemaje?

Kocha wa Kando
Mkaazi, unahesabu vyumba, sisi twahesabu pointi. Ili jina la mchezaji liingie kwenye orodha ya WTA, yaani orodha ya ubora ya wanawake duniani, apate pointi 10, au apate pointi kwenye mashindano matatu tofauti. W15 ukishinda mechi moja ya droo kuu, yaani mashindano yenyewe baada ya mchujo, unapewa pointi 1. Robo fainali 3, nusu 6, ukifungwa fainali 10, bingwa 15. Droo kuu ni watu 32 na mwandalizi ana nafasi 4 za mwaliko. Msichana wa Kenya akialikwa wiki zote 5 hapa hapa, akashinda mechi moja moja katika wiki 3, tayari yumo orodhani bila tiketi ya ndege ya nje. Angella Okutoyi alitwaa ubingwa wa wasichana wa wawili wawili Wimbledon 2022, na dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra 2024. Wa kumfuata atoke wapi ikiwa pointi zote ziko Monastir?

Bi Langoni
Kocha, umesoma ukurasa mmoja. Anayefungwa raundi ya kwanza W15 huondoka na dola kama 150, kabla ya kodi. Chumba juu yake, chakula juu yake, kufunga nyuzi za raketi juu yake. Mashindano yanaendeshwa kwa mifuko ya wanaofungwa, na biashara ya Monastir iko hapo. Mwaka 2018 jopo huru lililochunguza tenisi lilipendekeza kampuni za kamari zisiuziwe tena matokeo ya moja kwa moja ya ngazi hii. Mchezaji asiyeweza kulipa chumba ni rahisi kununuliwa. Pesa za zahanati ndizo ziingie humo? Na isitoshe, Juni Malindi kusi yavuma hata chai hainyweki nje. Mpira mtaupiga au mtaukimbiza?

Shangani
Hayo mengine sina neno, lakini hapo kwenye kusi dada umetugusa. Mji wenu wa Lamu vichochoro havipitishi mkokoteni, uwanja wa mita 36 mtauweka wapi hata mje kutupimia upepo sisi?

Bi Langoni
Pa kuweka uwanja hatuna, kaka, umesema kweli. Upepo tunaujua. Kaulize nahodha yeyote kwa nini Juni jahazi halitoki ovyo.

Mkaazi wa Barani
Jamani, hoja ilikuwa pesa.

Refa wa Kiti
Mnabishana upepo na hakuna aliyeuliza uwanja umeelekea wapi. Uwanja wa tenisi hujengwa kaskazini-kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji machoni. Kusi yatoka kusini-mashariki, kwa hiyo yaingia mshazari. Wa upande mmoja husukumwa mgongoni, mpira wake ukatoka nje ya mstari. Wa pili mpira wake hufia njiani. Hakuna anayeonewa, maana wanabadilishana pande baada ya gemu ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea. Kinachoharibika ni sevu. Anayerusha mpira juu sana huuona ukimhama kichwani, anaudaka, anarusha tena, na saa ya sekunde 25 inakwenda. Dawa ni kurusha chini zaidi na kulenga katikati, si kwenye mistari. Anayeshindwa kufanya hivyo ana kasoro ya mkono, asisingizie Malindi.

Shangani
Allah akuzidishie, Refa. Tena tutaweka pazia kwenye uzio, mambo yaishe.

Kocha wa Kando
Pazia zito lililofungwa kuanzia chini mpaka juu kwenye uzio wa mita 3 ni tanga. Kusi ikilishika, nguzo zinang'oka na zege lake. Weka wavu wa matundu, uishie mita 2, chini uache kama sentimita 30 upepo upite. Ufunge kwa vibanio vya plastiki, si waya, ili ikizidi vikatike vibanio ubaki na uzio. Na waya wa juu wa wavu wa uwanja ni chuma: chumvi ya bahari huanza kuula pale kwenye winchi, kile kikazio cha nguzoni. Usipopaka grisi utakatika katikati ya mechi.

Mkaazi wa Barani
Mei ndiyo mvua nyingi kuliko miezi yote Malindi. Mbona hilo hamligusi?

Refa wa Kiti
Mvua ni mteremko. Uwanja mgumu ukiinama sentimita 1 kwa kila mita, ubavu kwa ubavu, maji yanaondoka yenyewe. Yaliyobaki unasukuma kwa kifagio cha mpira cha kukaushia. Kiwanja cha udongo kikilowa, siku imekwenda. Na siku hiyo huipati tena, maana droo kuu huanza Jumanne na fainali ni Jumapili. Bila taa una mwanga mpaka saa kumi na mbili jioni tu. Viwanja 4, mechi 4 kila kimoja, ni 16 kwa siku ikiwa hakuna tone. Hapo bado wawili wawili, ingawa wao seti ya tatu ni taibreki, mchuano mfupi wa pointi 10.

Shangani
Viwanja 4 vipo mahotelini.

Refa wa Kiti
Vipo vya wageni kupunguzia kitambi. Nyuma ya mstari panatakiwa mita 6.40, ubavuni 3.66. Vya hoteli mara nyingi mita 4 nyuma umefika ukutani. Mchezaji wa kulipwa akirudi kupokea sevu atagonga mgongo.

Shangani
Ukuta huvunjwa, bwana. Tunaanza na wa upande wa bahari.

Kocha wa Kando
Wa bahari ndio unaokinga kusi, uache! Vunja wa nyuma upande wa kaskazini, usogeze uwanja wote huko. Lakini nguzo za wavu zimezikwa kwenye zege, mita 0.914 nje ya mstari wa wawili wawili. Ukisogeza mistari bila kuchimba nguzo upya, wavu hauko katikati tena.

Shangani
Mafundi wa zege Malindi tunao. Nipe kina cha shimo.