Asali na mshubiri kwenye kidonda sugu chenye usaha

Mwulizaji: Wakuu, habari zenu. Mzee wangu ana kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu, kinachotoa usaha na harufu, na ambacho kimekataa kufunga licha ya kuoshwa kila siku. Je, ni salama kukipaka asali au mshubiri huku akiendelea na dawa za hospitali?

Jibu la kwanza: Pole kwa kuuguza. Asali si ushirikina: sukari yake nyingi hufyonza maji ambayo bakteria huyahitaji, ina asidi, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi (kemikali inayoua vijidudu) kidogo kidogo. Hata hivyo, inayotumika hospitalini huwa imetakaswa kwa mionzi ya gama, kwa kuwa ile ya kawaida yaweza kubeba mbegu za bakteria hatari. Kuhusu mshubiri, utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huwasha ngozi, utomvu huo usiuguse kabisa.

Jibu la pili: Naona tunakimbilia cha kupaka kabla ya kuuliza kwa nini kidonda hakiponi. Kidonda cha mahali hapo mara nyingi hutokana na udhaifu wa mishipa ya vena (inayorudisha damu kwenye moyo), na bendeji ya kubana husaidia kuliko mmea wowote, mradi mzunguko wa damu kwenye ateri (mishipa inayotoa damu kwenye moyo) upimwe kwanza. Apimwe sukari pia. Akipata homa, au wekundu ukipanda mguuni, awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwulizaji: Ahsanteni sana. Sukari hajawahi kupimwa, nampeleka kesho.