Picha za Monet: mwanga mnauangaliaje?

Wasee wa Kisumu, ile picha ya Monet, mchoraji Mfaransa, ya 1872, jua likichomoza bandarini Le Havre, Ufaransa, mbona inanishika hivi na mashua zenyewe ni michirizi tu? Naanzia wapi kuiangalia?

— Anza na jua. Igeuze picha kwa simu iwe nyeusi na nyeupe, jua linakaribia kupotea, maana mwangaza wake unalingana na wa anga, ni ile rangi ya chungwa juu ya kijivu cha buluu ndiyo inaliwasha, aki huyo jamaa alikuwa na macho!

— Vivuli pia. Cheki picha zake za malundo ya ngano za 1890 na 1891, shamba ni lile lile, saa ndiyo inabadilika, na kivuli kinaingia samawati, zambarau, si nyeusi. Halafu shuka ufuoni Dunga jioni ukague vivuli vya mashua.

— Na usisimame karibu sana, rudi nyuma kidogo.